Mgongo wa Bibi Holo

Wagonjwa wa wodi ya migongo walikuwa wamepiga magoti kabla mlango haujafunguliwa.

Daktari Milembe Luhende aliwaona kupitia kioo kidogo cha mlangoni, mkono wake bado haujagusa kitasa. Kando ya kila kitanda isipokuwa kimoja palikuwa na mtu chini, magoti sakafuni, kichwa kimeinama, mkono wa kushoto umekumbatia tumbo. Wanawake kwa wanaume. Hakuna aliyekuwa akiutazama mlango. Alipoingia walibaki hivyo hivyo kwa kitambo, kisha mmoja mmoja wakainuka, wakapanda vitandani, wakaendelea na mazungumzo pale walipoyaachia.

Katika nchi ya Wasukuma kupiga magoti si habari. Mwanamke humpigia magoti mkubwa wake anapomsalimu, na aliyelelewa vizuri hujulikana hapo hapo. Kwa hiyo jambo hili lilipoanza, miezi michache iliyopita, watu wa Igalamya walilipokea kwa furaha. Waume walifika kliniki kushukuru: tangu mke wangu awekewe ute wa mgongo, daktari, amerudisha adabu ya zamani. Wanaume nao walipoanza, watu wakacheka, wakasema hospitali siku hizi inatoa tiba na malezi pamoja. Na Milembe? Tusimfiche, alivimba kichwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, hana mume wala mtoto, ameitoa migongo ya mji mzima kwenye maumivu, na kila asubuhi mji huo ulimpigia magoti. Nani asingependa?

"Malkia amefika," alisema Kabula, muuguzi wa zamu, akimpa glavu. "Sisi wengine tukiingia humu hata kukohoa hawatukoholei."

"Acha maneno yako, Kabula. Nani mgeni?"

Mgeni alikuwa Shija Mabula, mpagazi wa kiwanda cha kuchambua pamba, mtu wa mabega mapana aliyelala kiubavu huku amekunja uso. Ni yeye peke yake ambaye hakupiga magoti. Alikuwa bado hajawekewa ute.

Milembe alipitisha kiganja juu ya kitanda na mgongo wa Shija ukatokea hewani, wa mwanga mweupe, ukizunguka taratibu juu ya mwenyewe. Shija aliutazama kwa hofu kama aliyeonyeshwa kaburi lake.

"Usiogope, ni wewe huyo," Milembe alimwambia. "Hizi ni pingili. Kati ya pingili na pingili kuna kijimto. Kijimto kina ngozi ngumu kwa nje, ndani kina ute. Ukibeba mzigo, ule ute ndio unaotawanya uzito. Sasa wewe umenyanyua robota la pamba huku umejipinda, siyo?"

"Lilikuwa linaponyoka, daktari. Nikalidaka."

"Basi ngozi ikachanika, ute ukatoka nje kama dawa ya meno. Ona hapa. Umekalia mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni."

"Lakini mimi naumwa mguu."

"Mguu unapokea taarifa tu. Kosa liko kiunoni."

Shija alicheka kidogo, akajuta, maana kicheko kilimchoma mpaka kwenye kidole gumba cha mguu. "Na mimi niliukanda mguu wiki nzima. Zamani kule kiwandani si kulikuwa na winchi? Marehemu baba aliniambia."

"Ilikuwepo."

"Wakaiuza ute wenu ulipokuja. Mgongo ukiharibika unajazwa, winchi ikiharibika inasubiri vipuri." Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayesimulia habari za mvua. "Mimi nitajazwa lini, daktari?"

Milembe aliufuta ule mgongo wa mwanga. "Ute uliokomaa umekwisha. Mwingine uko kwenye matangi, labda miezi minne. Utapewa dawa za maumivu, usinyanyue kitu, uvumilie."

Alimdanganya. Kwenye jokofu la maabara ilikuwepo chupa moja iliyokomaa, na mgonjwa aliyetengewa alijulikana kwa namba tu. Namba hiyo ilikuwa ya Milembe mwenyewe. Daktari wa migongo alikuwa na mgongo mbovu. Ute wake ulikuwa umemtoka chini kabisa ya kiuno, na mguu wa kushoto ulikuwa unakufa polepole. Wayo haukuinuka tena, ukiutaka uende mbele lazima uuburute. Alivaa magauni marefu na viatu vya kufunika, akatembea pole pole kama mtu mwenye cheo, na aliamini hakuna aliyegundua. Sindano yake ilikuwa Jumatatu.

*

Siku hiyo hiyo, Jumamosi, mchana alikwenda sokoni kununua nyanya.

Sayi muuza nyanya alikuwa amempa mgongo, anapanga mafungu yake, vipokea sauti viwili vidogo vimeziba masikio na kichwa kinacheza na muziki. Mgongo wake Milembe aliujaza mwaka uliopita. Daktari alipokuwa bado mbali, hajafika hata kwenye kibanda cha vitunguu, Sayi aliacha kucheza. Mabega yalipanda. Kisha akashuka, magoti mawili juu ya nyanya zake mwenyewe, kichwa chini, mkono tumboni, uso umeelekea ukuta.

Milembe alisimama. Sayi akabaki pale pale, nyanya zikitoka maji chini yake, na nyuma yake wanawake wawili walionunua mchicha waliguna kwa kuridhika. Ama kweli mtoto ana heshima, huyu.

Hatimaye Sayi aliinuka, akatazama magoti yake mekundu, akatazama mafungu aliyoyaponda. Akachomoa vipokea sauti masikioni. Ndipo alipogeuka na kumwona daktari, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeshtuka.

"Daktari! Kumbe uko hapa? Ona nilivyoteleza, jamani. Sijui nimeteleza na nini."

Milembe alinunua nyanya zilizobaki, zile nzima na zile zilizopasuka, akaondoka bila kusubiri chenji. Mtu hamheshimu asiyemwona wala kumsikia. Basi Sayi alikuwa amempigia nani magoti?

Alirudi hospitali moja kwa moja, akajifungia ofisini. Sakafu ya hospitali ile ilikuwa na hisia. Ilitandikwa ili imjue mgonjwa aliyeanguka kabla hajapiga kelele, na ilikumbuka kila wayo uliopita juu yake.

"Sakafu," alisema Milembe. "Wagonjwa wa wodi ya migongo wanapopiga magoti, wewe unaona nini?"

"Naona uzito unahama kutoka nyayo kwenda magotini," ilijibu sauti tulivu kutoka chini ya meza. "Wote kwa pamoja."

"Kabla ya hapo kuna nini?"

"Kuna mtikisiko. Ni ule ule kila mara. Hauzidi ule wa mtu mmoja anayetembea."

"Nisikilizishe."

Kisha chini ya viatu vyake Milembe akausikia, na zaidi ya kuusikia, akauhisi unapanda kwenye mifupa ya miguu. *Ndi.* Kisha kitu kinachoburutwa: *shwaa.* *Ndi. Shwaa. Ndi. Shwaa.* Ulikuja kutoka mbali kwenye korido, ukakaribia, ukasimama. Nywele za mikono zilimsimama. Kulikuwa na mtu mlemavu, mzito, mwenye hasira ya kimya, anayekuja mlangoni bila haraka.

"Ni nani huyo?" alinong'ona.

"Ni wewe, Daktari Milembe," ilisema sakafu. "Hapa hakuna mwingine anayetembea hivi."

Aliogopa kuinuka. Alifikiria miezi yote ile ya kupita wodini na shingo yake ndefu, akiwatazama watu wameinama, akijiambia hii ni shukrani. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto.

Halafu daktari ndani yake akaanza kufikiri. Ute hai haukutengenezwa, ulioteshwa. Walichukua chembe za mgongo wa mtu mmoja, wakazilisha, zikazaana kwenye matangi. Mgongo wa kawaida ukifika uzeeni vijimto vyake vinakuwa vimekauka na kubapa, lakini katika wilaya nzima walimpata bibi mmoja aliyebeba ndoo kichwani tangu utoto na vijimto vyake vilikuwa vya msichana. Maabarani waligundua jambo zuri: ute wake haukuhitaji kufundishwa. Ulikumbuka mizigo. Ukiuwekea uzito ulijua wenyewe upande gani ujikaze, upande gani ulegee. Wakalitangaza hilo kwa fahari. *Ute wenye kumbukumbu.* Hakuna aliyeuliza unakumbuka nini kingine. Hatua ya mtu inayopita ardhini, hata ikiwa hafifu namna gani, nayo ni uzito.

Walipomchagua yule bibi walimuuliza anakula nini, anakunywa maji ya wapi, ameugua nini. Milembe ndiye aliyeuliza. Hakumuuliza aliishi na nani.

*

Bibi Holo Masunga aliishi pembeni mwa mji, nyumba ya bati iliyozungushiwa minyaa. Jumapili asubuhi gari lilimshusha Milembe barabarani, likajigeuza lenyewe na kwenda kusubiri kivulini. Ardhi ilikuwa kavu, ngumu kama sahani. Alipiga moyo konde akaanza kutembea kuelekea kwenye uwazi wa ule ua. Alijaribu kuuinua wayo. Haukuinuka.

Kupitia minyaa alimwona bibi yuko uani anapepeta choroko, amekaa wima ajabu, mgongo umenyooka kama nguzo. Hatua ya tatu, ungo ulianguka. Choroko zilitawanyika. Alipoingia uani bibi alikuwa tayari chini, paji la uso karibu na vumbi, mkono wa kushoto umelikumbatia tumbo lililonywea miaka mingi.

"Mwangaluka, baba," alikuwa akiamkia kwa Kisukuma, haraka haraka, kwa sauti ya msichana. "Mwangaluka, baba. Chakula kipo. Maji ya kuoga yapo. Mwangaluka, baba."

"Bibi," alisema Milembe. "Bibi, ni mimi. Milembe, daktari."

Sauti ile ilikatika. Bibi aliinua uso, akamwona mwanamke mwenye gauni la kijani, na macho yake yakarudi taratibu kutoka mahali yalikokuwa. Hakuona haya. Alikasirika.

"Nani kakufundisha kutembea hivyo?"

"Ninaumwa mgongo, bibi. Mguu haunyanyuki."

"Basi kaa chini. Kaa hapo hapo, usisogee tena."

Milembe alikaa kwenye vumbi. Wakaanza kuokota choroko wote wawili, kila mmoja upande wake, na ilikuwa nafuu kuwa na kazi ya mikono. Milembe alimweleza yote: wodi, Sayi, nyanya, sakafu. Bibi alisikiliza bila kumkatiza.

"Alikuwa mume wangu," alisema mwishowe. "Nyanda. Robota lilimwangukia mguu kule kiwandani, likausaga. Walimpa fimbo na pole. Kabla ya hapo hakuwa mtu mbaya, au labda alikuwa, sikupata muda wa kumjua. Baada ya hapo akawa anatoka kilabuni, nami namsikia tangu kule barabarani. Ndi, halafu anaburuta. Sikumsikia kwa masikio, mwanangu. Nilimsikia hapa." Alijigusa kiuno kwa nyuma. "Ukiwa chini kabla hajaingia, siku nyingine alikupita. Akikukuta umesimama, basi tena."

"Na mkono?"

"Nilikuwa na mimba." Alitia choroko kwenye ungo. "Ya kwanza ilitoka. Kwa zile nyingine nilijifunza kuweka mkono."

Kuku walikuja kudonoa choroko zilizobaki na hakuna aliyewafukuza. Milembe alitaka kusema pole, akaona neno dogo mno.

"Alikufa lini?"

"Zamani, wewe hujazaliwa. Nilizika fimbo yake pamoja naye. Watu walisema Holo alimpenda sana mumewe, mpaka leo kigogo kikianguka anapiga magoti. Walinisifu. Wanawake waliwaleta mabinti zao waniangalie." Bibi alimtazama usoni. "Hao watu wako. Wanalala?"

"Wanalala vizuri, bibi. Maumivu yamekwisha."

"Hawaamki wakatazama mlango?"

"Hapana."

"Basi bado yanakuja. Mimi nilianza kwa magoti tu. Usingizi uliondoka baadaye, halafu sauti."

Milembe alihisi baridi ikimpita mgongoni, pale pale kwenye ule ubovu wake, ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Alifikiria watu zaidi ya mia mbili waliolala fofofo katika Igalamya.

"Bibi, niache? Niyamwage matangi? Wewe ndiye mwenye ute. Ukisema nimwage, namwaga leo."

"Leo ndiyo unaniuliza mimi!" Bibi Holo alikuwa amesimama, aliinuka bila kushika kitu, kama msichana. "Siku ile ulikuja na sindano yako na maneno matamu, nikakupa mgongo nikidhani unachukua nguvu. Ningejua unamchukua na yule mzee nisingekupa hata tone. Sasa umemgawa kwa mji mzima, unakuja kwangu nikuoshe mikono? Waulize wenye migongo. Waambie jina langu, waambie na jina lake, kisha waulize."

Akaingia ndani. Kutoka mlangoni akamwita kijana wa jirani kwa sauti kali, aje na mwenzake. Wakambeba daktari mpaka kwenye gari, kwa kuwa bibi alikataa katakata asitembee tena kwenye uwanja wake.

*

Kabula alikuwa akimsubiri kwenye mlango wa hospitali, na hakuwa na utani wowote.

"Shija amebadilika, nimemhamishia chumba cha sindano, nyuma ya wodi. Tangu alfajiri hajakojoa, na hasikii kwamba amebanwa. Mapajani kwa ndani amekufa ganzi, makalio yamekufa ganzi. Anasema ni kama amekalia mwili wa mtu mwingine."

Milembe alijua kabla hajauona ule mgongo wa mwanga. Ute uliobaki ulikuwa umemwagika wote, umeuziba mfereji, umeubana mkia mzima wa mishipa ya fahamu. Mtu akifika hapo huhesabiwa saa. Zikipita, miguu hairudi, na mengine ambayo mwanaume hayataji mbele ya watu hayarudi pia. Upasuaji wa kisu ulikuwepo jijini tu. Hapa waliutupa walipopata ute. Jijini kulikuwa mbali mno kwa Shija. Kwa Milembe hakukuwa mbali. Yeye angeweza kusafiri, akapasuliwa, na labda mguu ungeamka na labda usingeamka. Mguu uliokwisha kulala muda wote ule, kisu hakikuuahidi kitu.

Kwenye jokofu chupa ilikuwa ikisubiri Jumatatu. Na katika korido ile, akiwa ameegemea ukuta ili asitembee, Milembe aliona njia rahisi kuliko zote. Ajidunge leo. Wayo utainuka. Ile *ndi, shwaa* itatoweka katika mji, magoti yatakoma, watu watasahau, hakuna atakayejua chochote kuhusu mtu aitwaye Nyanda. Shija atakuwa mgonjwa mmoja aliyechelewa. Mambo hayo hutokea. Aliitamani njia hiyo kwa moyo wote, na tuseme ukweli, kwa dakika nzima alikuwa ameshaichagua.

"Kuna chupa moja," Kabula alisema polepole. "Yenye namba. Mwenyewe ni nani, daktari? Tumpigie tumuombe."

"Umeshamwomba," alisema Milembe. "Nisaidie nifike kwa Shija. Nivue viatu kwanza, unishike huku."

Walikwenda kama walevi wawili, mguu mbovu ukining'inia hewani. Shija alikuwa amekodoa macho darini. Milembe alikaa kwenye kiti kando yake na kumwambia kila kitu: Bibi Holo Masunga, mume wake Nyanda, robota, fimbo, mimba. Magoti. Na yale ambayo huenda bado yanakuja, usingizi na sauti. Alimwambia pia kwamba chupa ilikuwepo jana, na kwamba alimdanganya.

Shija akamtazama kwa namna ambayo Milembe hakuipenda lakini aliona ni haki yake.

"Ungenipa jana, leo ningeinuka."

"Ndiyo."

"Huyo Nyanda amekufa kweli?"

"Zamani."

"Na mimi nitamsikia."

"Utamsikia mimi nikitembea. Au yeyote mwenye kilema kama changu. Mwili wako utamwogopa mtu usiyemjua, na hutakuwa na la kufanya. Unaweza kukataa, Shija. Sitakulaumu."

"Nikikataa?"

"Hutatembea."

Mpagazi alijipiga ngumi pajani. Akajipiga tena, kwa nguvu zaidi, akisikiliza. Uso wake haukuonyesha maumivu yoyote. "Daktari, unaniambia nitapiga magoti kwa woga wa mwanamke mwingine. Sawa. Kupiga magoti si lazima nipate magoti kwanza? Nipe." Halafu, Kabula alipokuwa akimgeuza kifudifudi, akaongeza huku mdomo uko kwenye mto: "Lakini hao wengine uliwapa bila kuwaambia. Hao utawafanyaje?"

Mkono wa chuma ulishuka kutoka darini, sindano ikatafuta njia kati ya pingili, na ute wa Bibi Holo ukaingia, mzito, wa rangi ya maziwa yaliyochujwa. Juu ya kitanda mgongo wa mwanga ulionyesha vile vipande vilivyotoroka vikivutwa nyuma, kidogo kidogo, kurudi mahali pao. Taa ikageuka kijani. Shija akalia kwa sauti kubwa, siyo kwa maumivu. Kidole gumba cha mguu wake kilikuwa kimecheza.

"Umeamka," Kabula alisema, naye akilia. "Umeamka, mwanangu, choo chako sasa ni chako."

Milembe alifurahi. Ilikuwa furaha ya kweli na aliiacha ikae. Kisha akashika mikono ya kiti ili ainuke aende zake, na akaganda. Mgongo mpya ulikuwa mita moja kutoka kwake, wazi kama sikio. Haukuwa umesikia bado hatua ya mtu yeyote.

"Kabula," alisema. "Niletee kiti cha magurudumu."

"Cha nani?"

"Changu."

Kabula alimtazama, akatazama ule mguu usio na kiatu, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi ulivyokufa. Alileta kiti, akampandisha, akamfunika magoti kwa khanga yake mwenyewe aliyoitoa mkobani. Shija aliwafuata kwa macho. Alibaki kitandani ametulia, vidole vya miguu vikicheza chini ya shuka.

Kutoka chumba kile ilikuwa lazima kupita katikati ya wodi ya migongo. Magurudumu ya mpira hayakutoa sauti, na sakafu haikuwa na la kupeleka. Milembe alijikuta anangoja. Alingoja waanze kushuka, kitanda hadi kitanda, kama kila siku, na aliposhtuka kwamba alikuwa akingoja, aibu ilimrudia mbichi kabisa. Hakuna aliyeshuka. Waliendelea kukaa, wengine wanamenya machungwa, mmoja anamsuka mwenzake.

"He! Daktari," alisema Mzee Lugwisha wa kitanda cha dirishani. "Umepatwa na nini tena? Pole, mama."

Vichwa vikageuka. Wakamtazama wote, migongo wima, kwa udadisi na huruma ya kawaida, kama watu wanavyomtazama mgonjwa mwenzao anayeletwa wodini. Palikuwa na macho ya kahawia, moja lenye mtoto wa jicho, na ya Mzee Lugwisha yaliyojaa utani. Kwa miezi yote ile alikuwa akiwatembelea kila asubuhi na hakuwahi kuyaona macho yao.

"Nisimamishe hapa katikati," alimwambia Kabula.

"Hapa? Daktari, unahitaji kupumzika. Tuwaambie kesho."

"Kesho nitapata sababu nyingine."

Kabula akafunga breki ya kiti. Milembe alishika khanga ile kwa mikono miwili, akasubiri mpaka yule anayesukwa atulie, kisha akaanza na jina la Bibi Holo Masunga.